Dawa Isiyoamshwa

Mama yangu alijichoma sindano mwenyewe kwa miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo hakushikwa mkono na mtu ila siku ya kwanza tu. Naanza na hilo kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani alikuwa mzee wa kuhurumiwa. Hakuwa hivyo. Kama nitaandika vibaya akaonekana hivyo, kosa ni la mkono wangu, maana mimi niliishia darasa la saba na sijawahi kuandika jambo refu kuliko orodha ya vipimo vya sare.

Aliishi peke yake juu ya Mlola, kwenye nyumba waliyoijenga na marehemu baba. Shamba lake la maharage lilianzia nyuma ya choo likateremka mpaka kijitoni. Mimi niko Lushoto mjini, nashona sare za shule kwenye baraza la duka la mtu. Kaka yangu yuko Tanga. Kila mara tulimwambia aje akae na mmoja wetu, naye alijibu kwa Kishambaa maneno ambayo nikiyaweka kwa Kiswahili yanakuwa hivi: "Nikija kwako nitakuwa mgeni wa kila siku." Tukaacha kumsumbua.

Sukari ilikuwa imemla macho. Alibakiwa na mwanga na rangi, na aliweza kumjua mtu kwa mwendo wake, lakini vitu vidogo vilimpotea. Maandishi hakuyakosa, maana hakuwahi kuyajua. Alikuwa na dawa mbili za insulini. Moja ilikuwa kama maji, ya kuchoma kabla ya chakula, inafanya kazi upesi na kuisha. Nyingine ilikuwa na weupe wa maziwa, ya polepole, ya kumshikilia kutwa. Ile ya maziwa ikikaa, weupe unazama chini, kwa hiyo kabla ya kuichoma aliweka kichupa katikati ya viganja akakizungusha taratibu mpaka kikawa cheupe chote. Huko alikuita kuiamsha. "Dawa iliyolala haifanyi kazi," alikuwa akisema, kama vile anazungumzia mfanyakazi.

Alivuta kwanza ya maji, halafu ya maziwa, katika bomba moja, ili ajichome mara moja badala ya mara mbili. Ndivyo alivyofundishwa, na kwa dawa zile ilikuwa sawa kabisa. Kwa kuwa hakuona mistari ya bomba, baba alimchongea vijiti viwili vya mwanzi. Anavuta mpini wa bomba mpaka kijiti kifupi kienee pale nyuma, basi, hapo ya maji imetosha. Anaongeza ya maziwa mpaka kienee kile kirefu. Nesi wa wakati ule alivipima vijiti vile mara tatu akavikubali. Nimewaona wenye macho mazima wakihangaika zaidi.

Sasa niseme na ubaya wa ile ya maziwa, nisije nikaonekana naisifia kwa kuwa imeondoka. Ilikuwa na kishindo. Akichoma asubuhi, ikifika saa tano au saa sita inamng'ata yote kwa pamoja, na asipokuwa amekula sukari inashuka. Mara tatu alianguka shambani. Jirani yake, mama mmoja wa makamo ambaye mashamba yao yanapakana, alimkuta mara zote tatu, mara ya mwisho uso umelala kwenye udongo na jembe liko chini yake. Kwa hiyo waliombadilishia dawa hawakufanya ubaya. Walitaka asife shambani.

Siku ya kliniki nilikwenda naye kama kawaida, kumfasiria. Kiswahili anakijua, lakini ni cha gulioni, na nesi aliyekuwepo ni mtu wa Tanga anayesema haraka.

"Shikamoo bibi," nesi alimwambia. "Leo tunaiacha ile ya maziwa. Siku hizi haiji kama zamani, na hata ikija inakuangusha. Hii mpya utachoma mara moja tu kwa siku, jioni. Inakwenda mwendo mmoja, mchana na usiku, haina kishindo. Ile ya chakula inabaki vilevile, asubuhi na jioni."

Mama alikipokea kichupa akakiinua kuelekea dirishani. Alikaa nacho muda.

"Hii ni maji," alisema.

"Ndiyo bibi, ni safi hivyohivyo. Haitikiswi, haizungushwi."

Mama akanigeukia, akasema kwa Kishambaa, "Mwambie huyu mtoto wa watu amenipa ile ya chakula mara mbili."

Nilifasiri. Nesi alicheka, lakini si kwa dharau. Akaeleza tena kwa utulivu ingawa foleni ilikuwa imefika mlangoni. Alisema mambo matatu: haina haja ya kuzungushwa, isivutwe katika bomba moja na ile ya chakula bali kila moja ichomwe peke yake, na ikionekana ina ukungu imwagwe. Akanitaka niyarudie. Niliyarudia yote matatu bila kukosea. Naandika hili ili mtu asimlaumu nesi. Hata vijiti vipya nilivichonga mbele yake, akavipima.

Nje kwenye benchi, mama alikuwa amekasirika tayari. Nilimweleza lile la kwanza. Nikamweleza la pili.

"Kwa hiyo jioni nichomwe mara mbili?"

"Ndiyo, mama."

"Tumbo hili hili?"

Alijishika tumbo juu ya kanga, pale ambapo ngozi ilishakuwa ngumu kwa miaka ya sindano. Mimi nilikuwa nimelishika tumbo lile mara nyingi nikimwogesha alipougua, najua lilivyo.

Nilisema, "Tutaona."

La tatu sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia siku nyingine akiwa ametulia, kwa kuwa mtu aliyeishi akiamini weupe, ukimwambia sasa weupe ni sumu, si utamchanganyia mambo? Nilijiambia pia kwamba dawa safi kama ile itapata ukungu kutoka wapi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda kwenda kumwona. Nilimkuta amepika makande na amenitengea sahani. Baada ya kuswali magharibi alileta sinia, akapanga vichupa viwili, bomba na vijiti. Ya chakula aliiweka kwenye kikombe na hiyo mpya kwenye kopo la maziwa ya unga, asije akakosea. Alivuta ya chakula, akapima. Kisha akachukua hiyo mpya, akaingiza sindano ileile.

Nilifungua mdomo. Alikuwa ameshaviunga vijiti viwili ncha kwa ncha, kimoja nyuma ya kingine, anavuta mpini polepole mpaka vikaenea vyote. Nani alimfundisha? Hakufundishwa. Alifikiri mwenyewe.

Dawa zilipokutana ndani ya bomba, zikabadilika. Kwanza ulitokea utando mwembamba, halafu weupe, halafu bomba lote likawa kama lile la miaka yote.

"Umeona?" Mama alilisogeza bomba karibu na taa, karibu kabisa na jicho lake. "Umeona wewe? Kumbe ilikuwa imelala tu. Imemkuta mwenzake ikaamka!"

"Mama, nesi alisema..."

"Nesi ni mtoto. Ameonyeshwa kichupa, hakuonyeshwa hili. Ukirudi mjini mpitie umwambie kuna bibi kipofu Mlola amegundua. Wamlipe."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha tumboni ambacho nilikuwa sijakisikia tangu baba afe. Na mimi nikacheka. Akajichoma, akafuta kwa pamba, akaniambia nile makande kabla hayajapoa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilicheka. Sikuwa nimesahau maneno ya nesi, nisijidanganye. Nilikuwa nayo kichwani, lile la pili na la tatu, yote mawili. Pengine ni furaha yake ndiyo iliyoniziba mdomo. Pengine niliona kwamba kwa namna ile anaweza tena kuijua dawa yake, na akiijua ataendelea kukaa kwake, na mimi nitaendelea kukaa kwangu. Hilo la mwisho sipendi kuliandika, lakini likiwa la kweli kwa robo tu, haifai kuliacha. Nilikula makande, nikalala, asubuhi nikateremka kwenda kushona. Shule zilikuwa zinakaribia kufungua na nilikuwa na sketi nyingi.

Wiki ya tatu jirani alinipigia simu.

"Dada, njoo. Mama anakunywa maji ndoo nzima, na leo asubuhi ametapika. Amenikataza nisikupigie, ndiyo maana nakupigia."

Nilimkuta amelala kitandani amejifunika kanga mbili, midomo imekauka, anapumua kama aliyetoka kupanda mlima. Bodaboda wawili walisaidiana kumfikisha barabarani, mmoja mbele akiendesha, mwingine nyuma akimshikilia mgongo, na hapo tukapata gari la mtu aliyekuwa akipeleka kabichi mjini. Mama alikaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia. Hospitali walimpima, sukari ilikuwa juu mpaka mashine haikutoa namba. Wakamtundikia maji. Alikuwa na kifua pia. Daktari alisema kifua chenyewe kinaweza kupandisha sukari, na kwamba hawezi kusema ni kipi kilitangulia. Nimeliweka hili kwa sababu ndivyo alivyosema. Lakini mimi sikuwahi kuliegemea.

Siku ya pili mama alipopata nguvu, daktari alimwuliza kwa Kiswahili cha taratibu, "Bibi, hizi dawa unazichomaje?"

Nilikuwa nimesimama upande wa miguuni, nimeshika flaski ya uji. Nilianza kutafuta maneno. Mama alinitangulia. Hakunitazama, maana asingeniona, lakini aligeuza kichwa upande wangu kidogo, halafu akakirudisha kwa daktari.

"Nachanganya," alisema. "Mtoto aliniambia nisichanganye. Mimi mbishi."

Daktari akaandika.

Haikuwa kweli. Mimi nilimwambia "tutaona," halafu nikaona, halafu nikacheka. Ningeweza kulisema pale pale, lilikuwa sentensi moja. Nilimimina uji kwenye kikombe.

Daktari alipokwenda kitanda kingine niliinama nikamwuliza kwa Kishambaa, "Mama, kwa nini umesema hivyo?"

"Watakugombeza wewe," alisema. "Mimi mzee, watanigombeza nini?"

Yeye hakujua jibu lile litamgharimu nini. Na mimi, naapa, wakati ule sikujua. Nilijua baada ya siku mbili kaka alipofika kutoka Tanga.

Kaka si mtu mbaya. Alikuja kwa basi la kwanza, akakaa na mama mchana kutwa akimkanda miguu, akamchekesha kwa habari za wajukuu. Kisha akaongea na daktari, akatoka nje nilipokuwa nafua.

"Dada, basi tena," alisema. "Kule juu harudi."

"Tumwulize mwenyewe."

"Tumwulize nini? Amekiri kwamba aliambiwa akakataa. Mtu haoni, yuko peke yake, na haambiliki. Unataka jirani amkute mara ya nne?"

Hapo ndipo ilipokuwa zamu yangu. Ningemwambia, kaka, aliambiwa nusu, na aliyemwambia nusu ni mimi. Ningemwambia, mama si mbishi. Mama alipewa dawa isiyo na alama, akaitafutia alama. Nilikamua kanga nikaianika. Nikasema, "Sawa."

Kaka alimweleza mama yeye mwenyewe. Mimi niliingia akiwa ameshamaliza. Mama alikuwa amekaa kitandani amejifunga kilemba vizuri, kama anayesubiri usafiri.

"Kwako au kwake?" aliniuliza.

"Kwangu, mama. Ni karibu."

"Haya."

Hakubishana hata neno. Mtu aliyeandikwa mbishi kwenye faili la hospitali.

Yuko kwangu sasa tangu masika. Dawa mpya imemfaa, sitasema uongo. Mimi ndiye namchoma: ya chakula bomba lake, ya jioni bomba lake. Ukipima asubuhi unakuta sita, saba, mara moja moja nane. Tangu aje hajaanguka hata siku moja. Tulipokwenda kliniki nesi alifurahi mpaka akamshika mama mikono yote miwili. "Bibi, umekuwa msichana!" alimwambia. Mama akamjibu, "Msichana hachomwi na mwanawe," na watu wote kwenye benchi wakacheka.

Mwezi wa pili wa kukaa naye nilifunga mpira mdogo, ule wa kufungia noti, kwenye shingo ya kichupa cha jioni, ili mimi mwenyewe nisije nikakosea. Mama alikishika siku moja akitafuta pamba. Kidole chake kikapita juu ya mpira kikasimama.

"Hii ndiyo ya jioni?"

"Ndiyo."

"Kumbe ilikuwa hivi tu," alisema, akakirudisha mahali pake.

Siku ile sikushona. Nilikaa barazani na cherehani mbele yangu, na mwenye duka aliniuliza kama naumwa. Mpira mmoja, na kumwambia mambo matatu badala ya moja na nusu. Kwa hayo angekuwa kwake.

Ndipo nilipompigia kaka nikamweleza yote, tangu kwenye benchi hadi kicheko.

"Ungeniambia siku ile," alisema.

"Ungemrudisha?"

"Sijui. Pengine ningesema vilevile. Mama haoni, dada, hilo hukulifanya wewe." Halafu akasema, "Lakini ungeniambia."

Nilimwambia basi tumrudishe sasa, tumfungie mpira, jirani amwangalie. Akasema tungoje baridi ipite, kifua chake bado. Baridi ilipita. Sikumkumbusha. Naogopa sasa. Zamani nilikuwa siogopi kwa kuwa nilikuwa sijui. Sasa kila nikifikiri yuko kule peke yake na bomba mkononi, nasikia kule kutapika alikokuelezea jirani kwenye simu. Sijui kama hofu hii ni ya kumpenda au ni ya kujilinda nisihukumiwe tena. Nimejaribu kulipima nimeshindwa.

Na nimemwomba radhi. Nilimwambia yote siku moja tukichambua mboga, kwamba nesi alisema ikionekana ina ukungu imwagwe, nami sikumfikishia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilijua kuna kitu ulikimeza. Wewe tangu mdogo ukimeza kitu unacheka." Kisha akaniomba kisu.

Anajaribu sana kutokuwa mzigo. Akitaka kuingia jikoni anasema hodi. Jikoni kwangu, mama yangu, hodi. Nimemwambia aache, anasema ndiyo, na kesho yake anasema hodi.

Wiki iliyopita ilikuwa siku ya gulio na jirani alishuka mjini na maparachichi. Alipomaliza kuuza akapita kwetu. Mama alikuwa amekaa mkekani na ungo wa mchele, anatafuta mawe kwa vidole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Onga mshi," mama alimsalimu na kwa Kishambaa. "Huko juu wazima?"

"Wazima. Mvua imeanza kugusa, mama. Nimekuja kukuuliza kuhusu shamba. Lile la kijitoni limeota magugu mpaka kiunoni. Tulilime tupande maharage, au unalo wazo lingine?"

Mama aliendelea kupapasa mchele. Akapata jiwe, akaliweka pembeni.

"Muulize huyu," alisema, akinielekezea kidevu.

Jirani akacheka sana. "Huyu mshona sketi! Huyu anajua jembe linashikwa upande gani?"

"Muulize," mama akarudia. "Ndiye anayejua siku hizi."

Nilimsikiliza vizuri sauti yake, nikitafuta uchungu ndani yake. Kama angekuwa na uchungu ningejua la kufanya. Haukuwepo. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni kwa mwenye nyumba. Wote wawili wakanigeukia. Nilisubiri mama aongeze neno, aseme limeni upande wa juu kwanza, au msiguse, nakuja mwenyewe. Hakuongeza.

"Limeni," nilisema.

"Hongea," jirani akasema, akashukuru na kwa Kiswahili pia, akaacha maparachichi manne, akaenda kuwahi gari.

Baadaye kidogo mama aliniuliza, "Umemwambia wapande lini?"

"Sikumwambia siku, mama."

"Ile mvua ya kule haisubiri. Ikipita wiki mbili udongo wa kijitoni unaganda, unatakiwa..." Alikatiza. Akaushika ungo, akautikisa, mchele ukajikusanya upande mmoja.

"Unatakiwa nini, mama? Niambie nimpigie."

"Watajua wenyewe," alisema. "Ni wakulima."

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima. Nilikwenda kuleta sindano, na niliporudi nilikuta ameshausogeza ungo pembeni na amekwisha kufunua kanga, anangoja.